Mwanamke mkulima: hatari anaijua, kauli hana

Ripoti nyingi kuhusu wanawake wakulima na afya zao huishia mahali pamoja. Mtafiti anafika kijijini na dodoso, anauliza kama mhojiwa anajua kuwa viuatilifu, yaani dawa za shambani, vina madhara, kama anajua kuwa moshi wa kuni unaumiza mapafu, kama anajua kuwa maji ya mtoni yana vimelea. Mwanamke anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha anaulizwa kama huvaa glavu, kama ana jiko lisilotoa moshi, kama huchemsha maji ya kunywa. Hapana, hapana, mara chache. Hesabu zikishafanywa, ripoti inaandika kuwa uelewa upo ila mwenendo haujabadilika, na inapendekeza elimu zaidi itolewe.

Silikubali pendekezo hilo. Mtu amekwisha kusema anajua, halafu suluhisho liwe kumwambia tena anachokijua? Dodoso la namna hiyo linapima kumbukumbu ya somo, halipimi namna mtu anavyoiona hatari. Kuiona hatari ni kuilinganisha na hatari nyingine zilizopo siku hiyo hiyo, kuangalia una nini mkononi, na kuamua ipi uishughulikie kwanza na ipi uiache ipite. Mwanamke anayelima hufanya hesabu hiyo kila siku, tena akiwa na mambo machache sana anayoweza kuyabadilisha. Tukiyasoma matokeo ya hesabu yake kana kwamba ni ujinga, tutaendelea kumpelekea mafunzo wakati anachokosa ni kauli: kauli juu ya shamba, juu ya fedha, juu ya dawa inayonunuliwa na siku inayopigwa.

Wanaozungumziwa hapa si kundi dogo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa wanawake ni takriban asilimia 43 ya nguvukazi ya kilimo katika nchi zinazoendelea, huku wakiwa chini ya asilimia 20 ya wenye mashamba. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima. Ni jambo jema, na hotuba zitakuwa nyingi. Ningependa baadhi ya hotuba hizo zianze na swali la nani anaamua, badala ya swali la nani hajaelimishwa.

Kuna utafiti wa zamani unaosaidia kulielewa jambo hili, ingawa ulifanyika kwa watu wengine kabisa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Slovic aliandika katika jarida la Science kwamba watu wa kawaida hawaipimi hatari kama wataalamu wanavyoipima. Mtaalamu huhesabu zaidi vifo vinavyotarajiwa kwa mwaka. Mtu wa kawaida huuliza pia kama hatari hiyo ameichagua au ameletewa, kama anaweza kuizuia, kama inagusa watoto watakaozaliwa, kama kuna mtu anayeielewa kweli. Hayo si makosa ya hesabu. Ni maswali halali ambayo jedwali la vifo haliyajibu.

Miaka saba baadaye, mwaka 1994, James Flynn, Slovic na mwenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kote Marekani. Wanaume Wazungu waliziona hatari za aina zote kuwa ndogo kuliko walivyoziona wanawake Wazungu, na kuliko wanaume na wanawake wa jamii nyingine. Mtu angeweza kufikiri kwamba ni suala la maumbile ya kike na ya kiume, lakini wanaume wa jamii nyingine hawakuwa na tofauti kubwa na wanawake wa jamii zao. Tofauti ilibebwa na kama asilimia 30 ya wanaume Wazungu, wale wenye elimu na kipato kikubwa zaidi, wanaoziamini taasisi. Watafiti wakapendekeza kwamba wanaotengeneza vitu, wanaovisimamia na wanaonufaika navyo huviona salama. Anayeletewa matokeo huviona vya hatari zaidi.

Ukiushika ufafanuzi huo ukaingia nao shambani, mengi yanafunguka. Katika nyumba moja, mume na mke wanaweza kuitazama chupa ile ile ya dawa wakaona vitu viwili tofauti, na wote wawili wakawa na sababu.

Chukua siku ya kupiga dawa. Mwanamume amebeba bomba mgongoni, anatembea kati ya matuta akipulizia. Kwenye daftari la afisa ugani yeye ndiye mtumiaji. Ndiye aliyeitwa kwenye semina, na maelezo ya kwenye chupa yanamsemesha yeye. Mwanamke ameandikwa kuwa msaidizi, au hakuandikwa kabisa. Lakini ni yeye aliyechota maji ya kuchanganyia. Mara nyingi ni yeye aliyepima dawa kwa kifuniko cha chupa akaikoroga ndooni kwa kijiti. Kesho yake asubuhi ataingia kupalilia kabla umande haujakauka, na majani yaliyopuliziwa jana yatamsugua mikono na miguu hadi jua la utosi. Dawa nyingi zina muda maalumu ambao mtu hatakiwi kuingia shambani baada ya kupulizia, saa kadhaa kwa baadhi na siku kadhaa kwa nyingine. Muda huo umeandikwa kwa maandishi madogo kwenye chupa ambayo mpaliliaji hajaiona. Wala hakuna aliyemwambia.

Jioni zinakuja nguo. Bomba limevuja, shati limelowa mgongoni na suruali imelowa mapajani. Analiloweka shati kwenye beseni, mara nyingi beseni lile lile la nguo za watoto kwa sababu ndilo lililopo. Dawa iliyokuwa imekauka kwenye kitambaa inalowa upya, na sasa anaifikicha kwa mikono mitupu, ngumi juu ya ngumi, mpaka povu liishe. Kwa mfanyakazi wa shambani ngozi ndiyo njia kuu ya viuatilifu kuingia mwilini, kuliko pua na mdomo. Ukitaka kujua nani katika nyumba hiyo amegusana na dawa kwa muda mrefu zaidi, usiangalie bomba peke yake, tazama na mikono ya anayefua.

Je, haoni? Anaona. Harufu inamwambia. Wengi huzitenga nguo hizo, huwakataza watoto kusogelea bomba, huhamisha kamba ya kuanikia, huhesabu siku kabla ya kuchuma mboga zilizo karibu na shamba lililopuliziwa. Hizo ni hatua za kinga alizozibuni mwenyewe kwa vitu alivyonavyo, na dodoso halina safu ya kuziandika kwa sababu safu zake zina glavu, barakoa, miwani na buti. Vifaa vyenyewe vikipatikana huwa vimetengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mwanamume: glavu linavuka vidole na kumwaga dawa ndani, ovaroli linaburura chini.

Kinachomchanganya zaidi ni dalili. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu kutulia baada ya kutuma ujumbe. Sumu ikiwa kidogo, mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu, jasho na uchovu. Mwanamke anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote atauitaje uchovu huo? Kichefuchefu cha asubuhi, akiwa katika umri wa kuzaa, atakihusisha na nini? Kichwa na mwili kuchoka, mahali penye malaria, huitwa malaria, na hata zahanati mara nyingi itaanzia hapo. Kila dalili ina maelezo mengine yaliyo karibu na yanayokubalika zaidi. Mume akianguka shambani huku amebeba bomba, wote wanajua ni dawa. Mke akitapika siku mbili baada ya kupalilia, dawa haitajwi hata kidogo. Kwa hiyo takwimu za walioathirika zinabaki na wanaume wengi, na mwaka unaofuata semina inawaita wanaume tena.

Kuna jambo jingine kuhusu chupa hiyo ambalo watu wa elimu kwa umma hawalisemi vya kutosha. Utepe wa rangi chini ya kibandiko, nyekundu, njano, bluu au kijani, hufuata mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unaotazama uwezo wa dawa kuua au kudhuru haraka. Hautazami madhara ya polepole, hautazami mimba, hautazami ubongo wa mtoto anayekua. Klorpirifosi, dawa iliyotumika sana duniani na ambayo mwaka 2025 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuondoa kemikali zinazodumu katika mazingira, iko katika daraja la pili, daraja la utepe wa njano. Wasiwasi mkubwa juu yake umekuwa ukuaji wa ubongo wa watoto. Mwanamke anayesema "mimi naogopa kwa sababu ya mimba" ameuliza swali ambalo rangi ya kibandiko haikuundwa kulijibu. Anapoambiwa kuwa woga wake hauna msingi kwa sababu chupa si nyekundu, aliyekosea si yeye.

Hesabu ya hatari dhidi ya hatari inaonekana wazi zaidi kwenye maji. Bangladesh ndiko ushahidi ulikoandikwa kwa kina. Kuanzia miaka ya 1970 familia za vijijini zilihimizwa kuacha maji ya madimbwi na mito, yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara, na kuchimba visima vya bomba. Walitii, visima vikawa mamilioni. Katika miaka ya 1990 ikafahamika kwamba mengi ya maji hayo ya ardhini yana arseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayoleta vidonda vya ngozi na saratani baada ya miaka. Serikali na mashirika yakapima visima na kuvipaka rangi: kijani kwa salama, nyekundu kwa visivyo salama.

Hapo ndipo tunapoweza kuona wanawake, ambao ndio wateka maji, walifanya nini na taarifa. Utafiti uliofanywa eneo la Araihazar na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba asilimia 60 ya walioambiwa kuwa kisima chao si salama walihamia kisima kingine ndani ya mwaka mmoja, ingawa walilazimika kutembea mbali zaidi. Asilimia 60 kwa taarifa peke yake ni kubwa. Inavunja dhana kwamba watu wa vijijini hawasikii. Lakini asilimia 40 waliobaki nao wana la kutufundisha. Kisima cha kijani kinaweza kuwa ndani ya uwanja wa familia msiyeelewana nayo. Kinaweza kuwa mbali, na njia ya jioni ina hatari zake ambazo kwa mwanamke si za kudhania. Arseniki itakudhuru baada ya miaka kumi, aliyejificha njiani anakudhuru leo. Mama anayechagua kisima chekundu kilicho mlangoni ameziona hatari zote mbili na amepanga. Ukimpelekea bango lenye picha ya vidonda, umempa taarifa juu ya ile ambayo tayari ameipima. Ukimchimbia kisima kirefu salama karibu, umeibadilisha hesabu yenyewe.

Majiko yanasimulia jambo lile lile kwa namna iliyo wazi zaidi. WHO inakadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Miradi ya majiko banifu imegawa majiko mengi na kukuta mengi yametelekezwa, na lawama imekuwa kwamba wanawake hawatambui madhara ya moshi. Wachumi Grant Miller na Mushfiq Mobarak waliligeuza swali hilo, tena huko huko Bangladesh. Waliwapa wanandoa nafasi ya kuchagua majiko, nyumba nyingine akiulizwa mume, nyingine akiulizwa mke. Majiko yalipokuwa bure, wanawake walielekea zaidi kwenye lile la bomba la kutolea moshi, lenye faida ya afya. Ilipowekwa bei, hata ndogo, tofauti hiyo ikafifia, kwa sababu mkoba si wao. Walijua na walitaka. Hawakuwa na kauli ya kununua.

Na wale waliokataa majiko mapya kwa kuyatilia shaka hawakuwa wajinga pia. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa la Malawi, lililofuatilia watoto 10,750, likilinganisha nyumba zilizopewa majiko yanayounguza kuni kwa ufanisi zaidi na nyumba zilizoendelea kupikia moto wa kawaida. Nimonia kwa watoto haikupungua. Moshi ulikuwa bado unatoka kwingine pia: taka zinazochomwa, jirani, taa. Mpishi aliyesema "jiko hili halitanibadilishia kitu" alistahili kusikilizwa kabla ya maelfu ya majiko kusambazwa.

Nimeandika mpaka hapa kana kwamba macho ya mkulima hayakosei. Yanakosea, na kukosea kwenyewe kuna mpangilio: hukosea pale ambapo hatari haimpi mwili ishara yoyote, au ishara inachelewa hadi chanzo kisahaulike. Sumukuvu ndiyo mfano mkali kuliko yote. Kuvu wanaoizalisha huota kwenye mahindi na karanga, shambani na ghalani, hasa mazao yakipata ukame kisha unyevu. Mwanamke anayechambua nafaka huzitoa punje zilizovunda, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu. Kazi hiyo inasaidia kweli, kwa kuwa sumu hujikusanya kwenye punje chache. Lakini punje nzuri ya kuvutia nayo inaweza kuwa na sumu, na moto wa kupikia hauimalizi. Mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu mashariki mwa Kenya uliwapata watu 317 na kuua 125. Watu hao walikula chakula cha nyumbani kwao, kilichoandaliwa na watu waliojali.

Na hao ndio waliougua ghafla wakahesabika. Sumu ikiingia kidogo kidogo hudhuru ini kwa miaka na huongeza hatari ya saratani, na hakuna mama anayeweza kuihusisha saratani hiyo na gunia la msimu fulani. Hapa sioni njia nyingine isipokuwa kipimo. Kipimo kinachofika ghalani, kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu au asiyolipa kabisa, kikiandamana na jibu la swali linalofuata mara moja: nikikuta sumu, familia itakula nini? Kipimo kisicho na jibu la swali hilo kitamfanya aogope chakula ambacho hana budi kukila. Mimi simlaumu mtu anayekataa kupima kwa sababu hiyo.

Halafu kuna hatari anazoziona vizuri sana ila hazisemi, kwa kuwa kuzisema kuna gharama. Kichocho hupatikana majini, na wanawake huingia majini kwa kufua, kuteka na kulima mabondeni. Mayai ya vimelea yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta maumivu, kutokwa damu na hata ugumba. WHO inakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wameathirika kwa namna hiyo, wengi wao barani Afrika. Dalili zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Mwanamke akizitaja nyumbani anatuhumiwa, akizitaja zahanati anatazamwa vibaya na pengine anatibiwa ugonjwa mwingine. Ndipo anakaa kimya, na mtafiti akija anaandika kwamba kichocho hakionekani kuwa tatizo kubwa kwa wanawake wa hapa. Kimya kimesomwa kama kutojua. Vidonda vya arseniki navyo hufichwa, hasa kwa wasichana, kwa hofu ya kukataliwa katika ndoa. Hatari ya kuonekana mgonjwa nayo ni hatari, na kwa baadhi ya wanawake ndiyo kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuhusu mazingira, kosa letu huwa ni kusubiri. Anayelima kila siku huona mabadiliko kabla ya chombo chochote kuyapima: nyuki wamepungua, kisima kinakauka mapema, ndama anazaliwa na kasoro. Wilaya ya Kasaragod, katika jimbo la Kerala nchini India, ilikuwa na mashamba makubwa ya korosho yaliyokuwa yakinyunyiziwa endosulfani, dawa ya kuua wadudu, kwa helikopta tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 2000. Wanakijiji waliwaona ndama waliozaliwa na miguu yenye kasoro, na habari hiyo iliandikwa mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haikuzuia kitu. Mwaka 1998 Leelakumari Amma, mtumishi wa idara ya kilimo aliyekuwa akiishi jirani na mashamba hayo, alikwenda mahakamani kudai unyunyiziaji usimamishwe. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya India ilipiga marufuku endosulfani nchi nzima, na mwaka huo huo iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm. Kati ya ndama wale na marufuku ile imepita miongo mitatu. Sisemi kwamba kila anachokiona mkulima kinathibitisha chanzo. Kupata chanzo kunahitaji sayansi ya makini. Nasema kwamba uchunguzi wake ulipaswa kufungua faili siku ile ile, na haukufungua kwa sababu ulitoka kwa watu wasio na cheo.

Joto nalo linasogea katika njia hiyo hiyo. Watafiti nchini Gambia waliwafuatilia wakulima wajawazito 92 wakiwa kazini shambani, matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Kila nyuzi 1 ya joto iliyoongezeka, uwezekano wa mtoto tumboni kuonyesha dalili za kuelemewa ulipanda kwa asilimia 17. Wanawake hao hawakuhitaji somo kuhusu joto. Palizi haingoji, na aliyekuwa na uwezo wa kupumzika angepumzika.

Sasa tufanye nini? Kanuni za kimataifa za usimamizi wa viuatilifu, zilizopitishwa na FAO na WHO, zinasema jambo ambalo lingetosha kubadilisha mengi kama lingefuatwa: viuatilifu ambavyo matumizi yake yanahitaji vifaa vya kujikinga visivyostahimilika, vya gharama au visivyopatikana kwa urahisi viepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na wafanyakazi wa mashambani katika nchi za joto. Lisome tena ukiwa na yule anayefua akilini. Kanuni haimtaki anunue ovaroli la mpira na kulivaa juani. Inataka dawa hiyo iepukwe, na serikali inaweza kuanza kwa kutoisajili kwa matumizi ya watu kama yeye.

Sri Lanka inaonyesha uzito wa uamuzi wa namna hiyo. Kuanzia miaka ya 1980 ilianza kuondoa sokoni, awamu kwa awamu, viuatilifu vyenye sumu kali kuliko vyote. Vifo vya kujiua, ambavyo vingi vilitokana na viuatilifu, vilishuka kwa asilimia 70 hivi kati ya 1995 na 2015, na inakadiriwa kuwa maisha 93,000 yaliokolewa. Hakuna aliyehitaji kubadilisha mtazamo wa mkulima yeyote kuhusu hatari ili hilo litokee. Kilichobadilika ni kilichokuwa dukani.

Ndiyo maana nawaomba wanaoandaa madodoso waongeze swali moja kwa kila hatari wanayoitaja: nani katika nyumba hii anaweza kuibadilisha? Majibu yake yatawapeleka kwa mamlaka za usajili, kwa wenye mashamba, kwa wanaume wanaoshika fedha, na kwenye zahanati zisizo na kipimo, kabla ya kuwapeleka kwa mwanamke mwenye jembe. Mafunzo yakibaki kuwa ya lazima, basi yamwite pia anayepalilia na anayefua, yafanyike saa ambayo hayuko jikoni wala kisimani, na yamruhusu kuuliza kuhusu mimba bila kuchekwa. Na siku ya kupiga dawa itangazwe kwa kila anayeingia shambani, pamoja na siku ya kurudi, kabla bomba halijajazwa.